Mtoto Aangukaye Motoni: Kifafa, Ubongo na Imani Yetu



Wapendwa vijana, wiki hii naomba tufungue Injili ya Marko sura ya 9, kuanzia aya ya 14. Mnaikumbuka. Yesu ameshuka mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohane. Kule juu wamemwona amegeuka sura, anang'aa mpaka wameishiwa maneno. Huku chini wanakuta vurugu: umati umejaa, waandishi wanabishana na mitume waliobaki, na katikati yuko baba mmoja na mtoto wake. Baba anaeleza kwamba likimpata, mtoto anatupwa chini, anatoka povu, anasaga meno, anakauka. Mara nyingi limemwangusha motoni, na mara nyingine majini. Mathayo anasimulia habari hiyohiyo katika sura ya 17, na hapo Biblia zetu za Kiswahili zinatumia neno ambalo hakuna mtu kijijini asiyelijua: kifafa.

Kuna mchoraji wa Italia, Raphael, ambaye kazi yake ya mwisho kabla hajafa mwaka 1520 ilikuwa picha ya tukio hili. Ipo Vatikani mpaka leo. Juu amemchora Bwana katika mwanga. Chini, giza, na mtoto amekodoa macho, mwili umekakamaa, baba amemshika. Napenda alivyokataa kuchora mlima peke yake.

Motoni na majini. Mtu anayepikia gesi mjini, maji ya bombani, anaweza kuyasoma maneno hayo akapita. Sisi wa huku Mabwerebwere, hapa Kilosa, hatuwezi kupita. Mafiga matatu yako chini kwenye sakafu ya udongo, sufuria inachemka, na mtoto kakaa karibu anaota moto asubuhi ya mwezi wa saba. Maji tunayafuata. Ukikutana na kijana mwenye kovu kubwa la moto mkononi au usoni, kabla hujauliza "ulifanyaje?", wewe kaa kimya kidogo. Pengine jibu ni hilo la baba wa kwenye Injili.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na jioni ni mlezi wa vijana kigangoni. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya ubongo na neva, kidato cha tatu, lazima mkono mmoja uinuke kutoka dawati la nyuma: "Mwalimu, na kifafa je? Si ni mapepo?" Darasa zima linanyamaza. Si kimya cha utani, jamani. Ni kwa sababu kila mmoja ana mtu anayemfikiria. Basi leo nataka nijibu swali hilo kwa kirefu, maana kengele ya kipindi hainikatizi.

Tuanze na ubongo wenyewe. Wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na robo tatu hivi za kilo? Hapana, hata hiyo ni nyingi: ni kama kilo 1.3 au 1.4, laini kama uji ulioganda, umefungwa ndani ya tando tatu, umewekwa kwenye maji maalumu, halafu ukafunikwa na fuvu gumu. Angalieni Mungu alivyoufungasha. Ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazotumia. (Ninyi mnaokuja kipindi cha kwanza bila hata kikombe cha chai, mmesikia.)

Sehemu kubwa ya juu, ile yenye mikunjo, ndiyo ubongo mkubwa: huko ndiko tunakowaza, tunakokumbuka, tunakoamua, tunakoona. Ajabu ni kwamba kuona kunafanyika nyuma kabisa, kisogoni, ingawa macho yako mbele. Na upande wa kushoto wa ubongo unaongoza mkono wa kulia, wa kulia unaongoza wa kushoto. Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo. Huo ndio unaokufanya utembee na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga. Halafu kuna shina la ubongo, dogo kama kidole gumba, linalohesabu pumzi na mapigo ya moyo wakati wewe umelala. Hukuliomba, hukulifundisha. Usiku kucha linafanya kazi.

Kutoka kwenye shina hilo unashuka ugwe ndani ya uti wa mgongo, na kutoka ugwe huo zinatawanyika neva jozi 31 kwenda mwilini, juu ya zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja. Hizo ndizo babu zetu walizoziita mishipa ya fahamu, na mimi naliona jina hilo ni zuri kuliko la vitabuni. Ukikanyaga mwiba shambani, mguu unaruka kabla hujajua umekanyaga nini. Ugwe umeshatoa amri. Taarifa ya maumivu inafika kichwani baadaye kidogo, ndipo unapiga kelele.

Ndani ya ubongo kuna seli za neva kama bilioni 86. Dunia nzima ina watu kama bilioni 8. Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo kwenye benchi umebeba kichwani zaidi ya mara kumi ya idadi ya watu wote walio hai. Na zinaongea. Ujumbe unapita ndani ya seli kama umeme mdogo sana, unafika mwisho, pale pana mwanya usioonekana kwa macho, seli inadondosha kemikali, seli ya jirani inaipokea na kuendeleza. Baadhi ya ujumbe unasema "piga!", mwingine unasema "tulia!". Uzima wa akili yetu unategemea hao wawili kupeana nafasi.

Hapa nawapelekeni kwenye kwaya. Mnajua wimbo unavyokwenda: sauti ya kwanza inaanza, ya pili inajibu, ya tatu inasubiri, ya nne inashika chini. Mwalimu wa kwaya nusu ya kazi yake ni kuinua mkono ili watu wanyamaze. Sasa fikiria ghafla waimbaji wote, sauti zote nne, na kinanda, na ngoma, na kayamba, wanapiga kwa pamoja noti moja kwa nguvu zao zote, tena na tena, na mkono wa mwalimu hauonekani. Huo si wimbo. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya ubongo wakati wa kifafa: kundi la seli linatoa umeme kwa pamoja, kwa wakati mmoja, na wale wa kusema "tulia" wamezidiwa. Kama ni ubongo wote, mtu anaanguka, anakakamaa, anatetemeka. Kama ni kona moja tu, huenda mkono peke yake ukachezacheza, au mtu akasikia harufu ambayo haipo. Na kuna watoto ambao hawaanguki kabisa. Wanazubaa sekunde chache, macho wazi, halafu wanarudi. Mwalimu asiyejua anawachapa kwa kutosikiliza.

Huu umeme si hadithi. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliupima kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, kwa mashine inayochora mawimbi. Hospitali kubwa zetu zina kipimo cha namna hiyo leo. Mtu mwenye kifafa akipimwa, wakati mwingine mawimbi yanaonekana yamesimama kama miiba.

Kabla sijaenda mbele, kuna mtu nataka mumfahamu, maana vijana wengi wanadhani sayansi na imani ni maji na mafuta. Anaitwa Niels Stensen, wa Denmark. Mwaka 1665, akiwa na umri wa miaka 27, alisimama Paris mbele ya wasomi waliokuja kumsikia akieleza ubongo, na akaanza kwa kuwaambia wazi kwamba yeye hajui kitu kuhusu ubongo, na wanaojidai kujua wanabahatisha. Halafu akawaonyesha jinsi ya kuupasua kwa uangalifu ili wajifunze kweli. Miaka miwili baadaye akawa Mkatoliki, akapata upadre, mwaka 1677 akawekwa askofu, akafa maskini mwaka 1686. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Askofu aliyeshika ubongo wa binadamu mikononi na hakuona haya kuuchunguza.

Sasa twende Mahenge. Ni mkoa wetu huu wa Morogoro, kule kusini, mbele ya Ifakara, milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika kule akakuta jambo lililomshtua: watu wenye kifafa walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona popote. Alikuta wametengwa. Walikula peke yao, walilala peke yao, kwa sababu watu waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Wengine walikufa maji. Alianzisha kliniki na kuanza kuwapa dawa, na aliowatibu wakaanza kupata nafuu machoni pa wenzao. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiangusha kichwa mbele mara kwa mara kama mtu anayesinzia. Miaka mingi baadaye madaktari walikuta watoto wa namna hiyohiyo Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini, dunia ikashangaa kana kwamba ni jambo jipya. Mahenge walikuwa wamelijua siku nyingi.

Kwa nini huko? Jibu ambalo watafiti wengi wanalielekea liko mtoni. Kwenye mito inayokimbia kwa kasi, kwenye mawe na maporomoko, anazaliana mdudu mdogo mweusi anayeitwa usubi. Akikuuma anaweza kukuachia minyoo midogo inayoishi chini ya ngozi miaka mingi. Inawasha, inaharibu ngozi, inapofua macho. Na pale ambapo ugonjwa huo umekithiri, kifafa nacho kinakuwa kingi, hasa kwa watoto na vijana. Namna minyoo inavyouvuruga ubongo bado inachunguzwa, lakini uhusiano wenyewe umeonekana Mahenge, Kameruni, Kongo, Uganda.

Na sisi? Kilosa nayo imo kwenye orodha ya maeneo ya usubi Tanzania. Ndiyo maana wale wagawa dawa wanapita na kile kijiti cha kupimia urefu, wanakusimamisha, wanahesabu vidonge kulingana na kimo chako. Dawa hiyo ni ivamektini. Kampuni inayoitengeneza imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi tangu mwaka 1987, na wanasayansi wawili walioigundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Haiui minyoo mikubwa. Inaua watoto wake. Ndiyo maana wanarudi mwaka hadi mwaka. Vijana wengi, hasa wavulana, wanavipokea na kuviweka mfukoni, "nitameza nyumbani". Nimeshaviokota nyuma ya darasa. Jamani, vile vidonge huenda ndivyo vinavyomkinga mdogo wako asiwe yule mtoto wa Injili.

Usubi si njia pekee. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ikipanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya bodaboda bila kofia ngumu: vyote vinaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo likawa chanzo cha kifafa. Kuna pia mayai ya tegu wa nguruwe. Hili wengi hawalielewi. Anayekula kitimoto kisichoiva anapata mnyoo tumboni. Lakini mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu huyo, yakiingia kwenye maji au mboga, ndiyo yanayokwenda kuota ubongoni, hata kwa mtu asiyegusa nguruwe maisha yake yote. Choo bora na kunawa mikono, basi. Wakati mwingine kifafa kinakuja na ukoo, na mara nyingi chanzo hakionekani hata kwa vipimo. Degedege la mtoto mdogo mwenye homa kali, ambalo wazee walisema ni ndege mbaya amepita juu ya nyumba, mara nyingi ni joto la homa tu na linaisha. Ila mtoto awahishwe zahanati, maana malaria haisubiri ndege apite.

Lakini rudi kwenye lile swali la dawati la nyuma. Marko anasema wazi kwamba Yesu alikemea pepo. Mimi sitaki kuikwepa aya hiyo, wala sisemi shetani hayupo. Kanisa linafundisha yupo. Ila tazama Mathayo sura ya 4, aya ya 24. Pale anaorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu kutoka Siria yote: wenye pepo anawataja, na wenye kifafa anawataja peke yao, na waliopooza peke yao. Mwinjili mwenyewe hakuwatia wote kapu moja. Na Kanisa letu, katika Katekisimu namba 1673, linasema ugonjwa ni jambo la utabibu, na kwamba kabla ya kufanya ibada ya kupunga pepo ni lazima kwanza kuhakikisha si ugonjwa. Hata padre hawezi kuifanya ibada hiyo bila ruhusa ya askofu wake. Kwa hiyo mtu anayemtazama mtoto dakika mbili, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ni jini la ukoo wa mama, huyo amejipa mamlaka ambayo Baba Paroko wetu hana.

Nina sababu ya kusema kwa ukali. Mtoto wa shangazi yangu ana kifafa tangu akiwa darasa la pili. Alipoanza dawa alikwenda miezi minane bila kuanguka hata mara moja. Shangazi alianza kumtuma dukani peke yake. Kisha ukaja mkutano wa maombi, si wa parokia yetu, nami sitataja wa nani. Mhubiri alimwekea mtoto mikono, akasema amepona, na kwamba atakayeendelea kummezesha vidonge anamwambia Mungu kuwa ni mwongo. Shangazi alirudi nyumbani akiimba. Vidonge akavitupa chooni.

Siku ya nne usiku mtoto alianguka. Akaanguka tena kabla hajaamka. Na tena. Alipakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakamkimbiza kituo cha afya gizani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zilipita siku mbili hajatamka neno. Muuguzi alieleza, na ni kweli kabisa: dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa unalipuka, na degedege lisilokoma linaweza kuua. Fenobabitoni, ambayo ndiyo wengi wanapewa vijijini kwetu, inawaongezea nguvu wale wa kusema "tulia". Si uchawi, si kuponya kwa siku moja. Inamezwa kila siku. Mtu akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kuipunguza, polepole, wiki kwa wiki. Daktari. Si jirani, si mhubiri, wala si mimi mwalimu.

Naomba msimcheke shangazi yangu. Alichokitaka ni kile alichokitaka baba wa kwenye Injili. Baba yule alikuwa ameshajaribu mitume wakashindwa, na alipofika kwa Yesu imani yake ilikuwa imechanika vipande viwili, na alisema hivyo mwenyewe bila aibu. Mama anayelala na sikio moja wazi kila usiku, akisubiri ule mlio wa mtoto kugonga kitanda, ukimwambia kuna njia ya kumaliza leo hii, ataishika. Wa kulaumiwa ni anayeuza njia hiyo.

Na nyumbani kwetu sisi Wakatoliki hatuko salama sana kwenye jambo hili. Familia ileile iliyomfanyia mtoto huyu novena siku tisa, siku ya kumi kwenye sherehe ya kipaimara ikamtengea sahani yake, kikombe chake, na kigoda chake nje. Nilimwuliza mama mmoja mkubwa pale, kwa heshima zote, "Shikamoo mama, mbona huyu anakula nje?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Si tunampenda, ila yale mate." Nikamwambia mama, umeme wa kichwani haupiti kwenye kijiko. Kifafa hakiambukizi: si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kujamba, si kwa kumruka mtu aliyeanguka. Akanitazama muda mrefu. Sahani haikurudi ndani siku ile. Ilirudi Pasaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama milioni 50 wana kifafa, wengi wao katika nchi kama yetu, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi na kuzimeza. Wangeweza. Ni neno linaloniuma hilo. Dawa ya fenobabitoni ipo duniani tangu mwaka 1912.

Sasa siku mtu akianguka kanisani, na ataanguka, maana makanisa yamejaa na joto la mwezi wa kumi na mbili mnalijua. Watu wanakimbia nyuma mpaka mabenchi yanapinduka. Wewe usikimbie. Angalia saa. Sogeza kiti, mshumaa, kitu chochote kigumu au cha moto. Weka kanga au sweta chini ya kichwa, legeza kola. Mgeuze ubavu ili mate na povu vitoke visiingie mapafuni. Usimkandamize mikono, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Hawezi kumeza ulimi, lakini meno yake yanaweza kuvunjika, na kidole chako pia. Usimnusishe kiatu. Usimmwagie maji. Wengi wanaacha kutetemeka ndani ya dakika mbili tatu. Ikipita dakika tano, au akianza tena kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au ameumia, ni kukimbiza kituo cha afya. Akishatulia atakuwa amelegea, amechanganyikiwa, pengine amejikojolea. Mfunike. Muite kwa jina lake. Kaa naye.

Marko anasimulia kwamba ilipoisha mtoto alilala kama maiti, wengi wakasema amekufa. Ndivyo inavyokuwa hasa. Neno kifafa lenyewe linasikika kama kufa kidogo. Mimi kama mwalimu, kila nikiifikia aya hiyo nasimama, kwa sababu naona vitu viwili ambavyo mahubiri huruka. Kwanza, kabla ya lolote, Yesu alimwuliza baba hali hii imeanza lini. Mwana wa Mungu, ajuaye yote, aliuliza swali lilelile analouliza mganga wa zahanati akiwa na kalamu mkononi, akamwacha mzazi aeleze tangu utoto wa mwanae. Na pili, wakati umati unasema amekufa na kila mtu kasogea, alimshika mkono. Mkono uleule uliotoka jasho na povu. Ndipo mtoto akasimama.

Tuombe, basi, kwa bidii. Yesu mwenyewe baadaye aliwaambia mitume habari ya sala. Mgonjwa aliye katika hali nzito aitiwe padre ampe Mpako wa Wagonjwa, hiyo ni haki yake. Lakini fungueni pia kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38, kitabu ambacho Biblia za jirani zetu wengi hazina. Mzee yule anataka mgonjwa asali, atubu, atoe sadaka, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa sababu tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu. Hakuchagua kimoja. Hata tabibu, anasema, naye anasali.

Wiki iliyopita binti mmoja wa TYCS alinisubiri mpaka wenzake wote wameondoka. Ana kidonge cha asubuhi. Misa ya kwanza inaanza saa moja, na tumewafundisha wafunge saa nzima kabla ya Komunyo; kwa hiyo kwa miezi mitatu Jumapili alikuwa anachagua, ama kidonge ama Yesu. Siku nyingine alichagua Yesu, akaanguka mchana.

Binti yangu, na wengine wote wenye swali hilo ambao hamjalisema: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inasema saa ile moja tunajizuia chakula na kinywaji, isipokuwa maji na dawa. Maji na dawa. Meza kidonge chako na maji hata ukiwa mlangoni mwa kanisa, halafu ingia upange foleni na wenzako.